Neno Lililomchosha Menana

Menana binti Ali alizaliwa Jibala, kwenye vijiji vya milimani ambako wanawake huvaa kofia pana za ukili na kujifunga kiunoni shuka la mistari myekundu na myeupe. Aliteremka Fnideq, mji wa mpakani, akiwa bibi harusi, akimfuata mumewe Abdeslam, fundi mwashi. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka ambao Abdeslam alianguka kutoka juu ya jengo akavunjika mgongo, Menana alikuwa bado mwanamke wa nguvu, na nguvu ndiyo mali pekee iliyobaki ndani ya nyumba ile. Akaenda kusimama kwenye foleni ya wabebaji.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvuka ua wa mpaka na kuingia mji wa Wahispania asubuhi, kufungiwa robota la bidhaa mgongoni, kisha kurudi nalo. Alichovuka nacho mtu mgongoni hakikutozwa ushuru, basi wafanyabiashara wakatafuta migongo. Wanawake walitembea wameinama hata wakawatambua wenzao kwa visigino. Na katika foleni ile palikuwa na mwiko: hakuna kusema "zito." Anayelitamka hilo neno huwakata maungo walio nyuma yake. Robota liliitwa mtoto. Ukiulizwa, "Vipi mtoto wako leo?" ukajibu, "Amelala," maana yake limekaa sawa. "Analia" maana yake kamba zinakula mabega.

Aliyemfundisha maneno hayo ni Tama, mjane mnene mwenye mdomo usiolala.

"We Menana, mbona umenuna?" alikuwa akimwambia. "Huyu mgongoni hata hakutoa mahari, lakini kila siku yuko juu yako. Angalau muulize jina."

"Nyamaza, Tama, nitacheka nianguke."

"Anguka, shoga. Nikirudi nitakuokota, kama sijapata mchumba njiani."

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Kule uzito uliokatazwa kutajwa foleni ulitajwa asubuhi, mchana na jioni. Kila Menana alipomgeuza mumewe ubavu, Abdeslam alisema, "Nimekulemea, Menana." Akimwosha, "Nimekulemea." Akimlisha supu yake ya maharage yenye mafuta ya zeituni, alimeza vijiko viwili vitatu, akageuza uso ukutani na kusema, "Mtu mzima nimekuwa mzigo."

Mwanzoni Menana alimjibu vizuri. "Mungu hamtwiki mja asichokiweza," alisema, kama alivyofundishwa na mama yake. Baadaye akawa anasema, "Haya, basi." Mwisho akawa hajibu, na Abdeslam akadhani ule ukimya ni jibu.

Wageni nao walikuwa na lao. Dada zake Abdeslam walifika siku ya soko, wakasimama mlangoni na kusema, "Hatutaki kuwalemea, tunapita tu." Wakanywa chai ya mnanaa birika baada ya birika, wakala jibini yote, wakamlilia kaka yao, wakaondoka. Wakwe wa mbali walituma salamu kwamba hawaji wasije wakaelemea nyumba yenye mgonjwa. Hao ndio hawakuleta hata mkate. Menana akajifunza kwamba anayeogopa kukulemea ama ameshakaa, ama hana nia ya kuja.

Asubuhi moja ya masika, kwenye kichochoro cha vyuma wanachorudia wabebaji, mtu alisema mlango wa mpaka unafungwa mapema. Walio nyuma wakasukuma. Tama alikuwa mbele ya Menana. Mguu wake ukateleza, akaenda chini kifudifudi, na robota likamjia hadi kisogoni.

"Nitue," alisema Tama. Hakupiga kelele. "Menana, nitue."

Menana akanyoosha mkono. Vidole vyake vikaifikia kamba ya Tama, vikashika fundo. Lakini mwenye robota mgongoni hawezi kuinama zaidi ya alivyoinama, na watu walikuwa wanakuja. Walimnyanyua pamoja na mzigo wake. Miguu yake haikugusa chini mpaka alipotokea juani upande wa pili. Hapo vijana wa tajiri wakamfungua, wakachukua mali yao, mmoja akampa maji. Aliyanywa yote. Alipoambiwa kwamba Tama amekufa, aliuliza kama kuna maji mengine.

Msibani walipika kuskusi. Shangazi yake Tama alikuwa anasema kwa kila anayeingia, "Dunia ilimwelemea mwanangu," na kila anayeingia aliitikia kwamba ndiyo, dunia inaelemea. Menana aliketi na kula sehemu yake. Alingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, hakikuja. Nyumbani hakumwambia Abdeslam neno. Alimgeuza ubavu, akasikia alichozoea kusikia, akalala.

Kazi ilipofunguliwa tena, alirudi foleni. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa ndiyo kwanza amejifunza maneno ya pale, akamuuliza, "Vipi mtoto wako leo, mama?"

"Mzito," Menana akasema.

Wote waliokuwa karibu walisikia. Hakuna aliyemkemea.

Haukupita muda mrefu, mlango ukafungwa kabisa kwa watu wa mizigo, na wabebaji wote wakabaki nyumbani. Menana alikaa barazani, mikono mapajani. Mgongo ulikataa kunyooka. Majirani wakamwambia afadhali sasa amepumzika, naye akaitikia kwamba afadhali.

Ndipo Mfadal, kaka mkubwa wa Abdeslam, alipoteremka kutoka milimani na pikapu ya jirani yake. Ndani alikuwa ametandika godoro. Alikunywa chai, akazungusha glasi mkononi, akashindwa kuanza.

"Shemeji," akasema mwishowe, "nimekuja kumchukua. Ameniita mwenyewe."

Menana akamtazama mumewe kitandani.

"Nimemtumia salamu," Abdeslam alisema. "Kule wako watu wengi, watapokezana. Wewe umri bado unao. Nimekulemea vya kutosha."

"Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa kwa haya."

"Shemeji, anakuhurumia," Mfadal akasema.

"Wewe kunywa chai, shemeji." Menana hakupaza sauti. Alisogea akaketi ukingoni mwa kitanda. "Abdeslam, nimebeba marobota ya watu mpaka mgongo umekuwa hivi. Wewe nakugeuza kwa mkono mmoja. Mwili wako hata haunichoshi. Kinachonichosha ni hilo neno lako. Kila nikikushika, unanitwika na lenyewe juu. Nikikujibu ni kazi, nisipokujibu unaumia. Ukitaka kwenda milimani, nenda. Ukitaka kubaki, baki, ila ukitaka maji sema nataka maji."

Mfadal alitazama mlango.

"Na Tama alikufa," Menana akaongeza. "Masika yale. Nilimshika kamba, nikashindwa kumtua."

Hakulia hata hapo. Alilisema kama mtu anayetaja kitu alichokisahau sokoni. Abdeslam alitoa mkono chini ya blanketi akauweka juu ya mkono wake, naye akauacha ukae.

Mfadal alirudi milimani na godoro tupu. Hakukasirika. Alisema njia ni ndefu na pikapu ni ya watu.

Baada ya hapo Menana alianza kukanda chapati za mafuta na kuziuza karibu na kituo cha mabasi. Ilikuwa kazi ya kukaa, na mgongo uliikubali. Nyumbani Abdeslam alijifunza kuomba vitu kwa majina yake: maji, mto, redio. Siku nyingine alijisahau, neno likamfika mdomoni, akalikohoa. Waliishi hivyo miaka kadhaa. Hawakuongea sana. Ungewauliza kama wana furaha, wangekutazama kama mtu aliyepotea njia.

Abdeslam alikufa siku ya kawaida, baada ya alasiri. Wanaume walimpeleka makaburini na wanawake walibaki nyumbani, kama ilivyo ada. Jirani mmoja akamkumbatia Menana na kumwambia, "Mungu amekutua, dada. Sasa pumua."

"Amina," Menana akasema. Akaenda jikoni kuosha glasi, kwa sababu wanaume walikuwa karibu kurudi na zilizo safi hazikutosha.