Fundi Thabit na Mnara Uliovishwa Sementi

Jumatano, Machi 12, 1997, saa mbili asubuhi, mnara wa kusini wa ngome ndogo ya Ansab, hapa Maskati, uliporomoka baada ya mvua ya siku tatu.

"Haukuanguka, ulikaa kitako," anasema fundi Thabit bin Marhoon. "Kama mzee aliyechoka kusimama."

Mwaka mmoja kabla, amri ilishuka kutoka kwa wakubwa, kuta za udongo zipakwe sementi zipendeze. Thabit aliwaonya walioileta kwamba maji yakiingia hayatatoka. Nani amsikilize fundi aliyeishia darasa la tatu Unguja?

Sasa ni Januari 2004. Ana miaka sitini na moja, na leo hatulii. Anatwanga udongo uliochomwa kwa moto wa magogo ya mtende, anauchanganya na chokaa, kama wazee walivyojengea.

"Marehemu mke wangu Wadha ndiye akiupepeta unga huu," anasema. "Angelikuwepo angenambia, Thabit, mnene huo, rudia."

Mwenzake ni Jivan, fundi Mhindi kutoka Gujarati. Kwao ipo ngome ya zaidi ya miaka mia saba. Anaichora mchangani: njia imepindishwa mbele ya lango ili tembo wa vita asipate mbio za kuuvunja mlango, na mlango una miiba ya chuma usawa wa paji lake. Chokaa yao, anasema, hutiwa sukari guru.

"Sukari ya halwa uitie ukutani?" Thabit alimcheka aliposikia mara ya kwanza. "Mbuzi wa Ansab wataulamba wote."

"Mwagia maji kwanza, baba, ndiyo ucheke."

Wakapaka vipande viwili kwenye ukuta wa ngome, cha sementi na cha kwao, udongo na chokaa iliyotiwa sukari guru. Wakavimwagia maji siku arobaini. Asubuhi hii cha sementi kimebanduka chote. Thabit anagonga cha kwao kwa kifundo cha kidole, kinalia kama chungu kizima. Anamwita kila apitaye aje asikie.

Umebaki mnara wa kaskazini, bado umevaa sementi ileile, na ufa wake unaingia mkono. Thabit anataka auvue kabla ya mvua nyingine. Anaambiwa ruhusa itoke kwa aliyeagiza sementi ipakwe. Amepita ofisi tatu, kila moja inasema siyo iliyoagiza.

"Mie sitaki kumshitaki mtu," anasema, mkono wake umo ndani ya ufa. "Nnauliza tu. Nani aliyeagiza?"