Upande Usiohitaji Uzio

Mke wangu alikufa kwenye bustani yetu ya sukuma wiki kando ya ziwa, upande wa Kendu Bay, asubuhi wakati watoto wa jirani wakienda shule. Aliuawa na kiboko. Nimeanza na hilo kwa sababu sitaki kumzungusha msomaji.

Bustani yenyewe ilianza na hesabu. Maji yalikuwa yamerudi nyuma yakaacha udongo mweusi mzuri, nami nilikuwa na mita sitini za waya wa wavu alizoniachia kaka yangu alipoacha kufuga kuku. Nilitaka kuzuia mbuzi, na nilitaka waya huo uzungushe shamba kubwa kadiri iwezekanavyo. Niliishia darasa la nane, kwa hiyo nilimuuliza binti yetu wa pekee, aliyekuwa kidato cha tatu.

Alicheka. "Baba, hii iko kwa kitabu. Hii hii kabisa. Mkulima ana waya, ana mto, na upande wa mto hauhitaji uzio."

"Sisi hatuna mto," mama yake akasema. "Tuna ziwa."

"Mama, kwa hesabu ni sawa tu."

"Basi mfundishe mzee polepole. Akishindwa, hatakula."

Akachora mstatili kwenye daftari, upande mmoja majini. Tukichukua mita tano kila upande unaoshuka ziwani, tunabaki na hamsini za kwenda sambamba na ufuo, na eneo ni mita za mraba mia mbili hamsini. Tukichukua kumi, eneo linakuwa mia nne. Kumi na tano, mia nne hamsini. Nikadhani litaendelea kupanda, lakini kwa ishirini likarudi mia nne, na kwa ishirini na tano likarudi mia mbili hamsini. Akaweka nukta kwenye karatasi ya grafu, akaziunganisha kwa mkono mmoja bila kuinua penseli. Ikatokea kama sufuria iliyopinduliwa juu chini.

"Hii inaitwa parabola," akasema. "Hapa juu kabisa ndipo shamba letu. Ukipita hapa unaongeza upande huu lakini unapoteza zaidi kule."

Niliitazama sana. Nilikuwa nimelima miaka mingi bila kujua kwamba jambo hilo linaweza kuchorwa.

"Na tukifunga pande zote nne?" nikamuuliza.

Akapiga hesabu kichwani. "Kumi na tano kila upande. Mia mbili ishirini na tano. Ni nusu, Baba."

"Tupoteze nusu ya shamba kwa ajili ya nini?" nikasema.

Maneno hayo yalikuwa yangu. Yeye alitoa majibu mawili, mimi nikachagua.

Kwetu mke hapandi kabla mama mkwe hajatia mbegu zake, kwa hiyo tulisimika nguzo tukamngoja mama yangu siku tatu. Kisha mke wangu akapanda. Sukuma ilishika vizuri, na pembeni tukaweka mistari michache ya mahindi.

Wiki moja kabla ya kifo chake nilitangulia bustanini peke yangu. Mistari miwili ilikuwa imeliwa hadi chini, na kwenye tope palikuwa na nyayo pana za vidole vinne, zimetoka majini na kurudi majini. Mtu wa ziwani haambiwi hizo ni nyayo za nani. Nilijua pia nifanye nini: kusogeza nguzo, kufunga upande wa maji, kukubali nusu. Na nilijua mke wangu akiziona atanitaka nifanye hivyo siku hiyo hiyo. Tulikuwa karibu kuanza kuvuna.

Nilichukua jembe nikazifuta.

Nilimwambia ni mbuzi. Alishangaa mbuzi kapitia wapi. Akatembea kando ya waya wote, akiuvuta kila mahali kwa mkono, akitafuta tundu. Nilisimama nikamtazama akitafuta.

Siku ile aliingia kwa lango la juu akiwa na ndoo, akateremka moja kwa moja hadi majini. Kiboko alikuwa amechelewa kurudi, bado amejificha kwenye mahindi. Kiboko aliyeshtuka hukimbilia maji, na hurudi kwa njia aliyojia. Pande tatu zilikuwa waya. Upande wa nne alikuwa ameinama mke wangu. Wanawake waliokuwa wakifua waliona yote wakapiga kelele, na nilipofika hakuweza tena kusema. Hatukumfikisha hospitali.

Sijui kama uzio ungemzuia. Waya wa kuku ni waya wa kuku. Ninachokijua ni zile nyayo.

Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba yake. Siku za matanga nilimsikia binti yangu akiwaambia shangazi zake, "Ni hesabu yangu ilimuua." Wakamnyamazisha kama mtu anayeropoka kwa uchungu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale, na sikusema kitu. Nikaendelea kutosema kwa miezi minne.

Kisha mwalimu wake wa hesabu akaniita shuleni. Akaniwekea mtihani mezani. Majibu mengine yote yalikuwapo, kwa mwandiko wake safi. Swali la kuchora grafu ya parabola lilikuwa na nambari tu, na chini yake karatasi tupu.

"Sehemu hii alikuwa akiwafundisha wenzake," mwalimu akasema. "Sasa darasani nikifika hapo anatoka nje. Mzee, kuna kitu?"

"Kipo," nikamwambia. "Lakini anayestahili kukisikia kwanza ni yeye."

Nilimkuta jikoni akichambua dagaa wa omena. Sikukaa. Nilimwambia kuhusu nyayo, jembe na mbuzi. Nilimwambia hesabu yake ilikuwa sawa, na kitabu hakikumwambia yanayotoka majini, lakini mimi niliyaona kwa macho yangu.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Alikuwa akitafuta tundu," akasema. "Hata mimi alinituma nitafute."

Hilo sikulijua. Nilitaka kumshika bega, akasogea.

"Utawaambia wajomba zangu," akasema. "Wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Jumamosi nilikwenda Lambwe, kwa kaka zake mke wangu. Walinikaribisha kama shemeji, wakanipa kiti na maji ya kunywa. Niliwaambia kama nilivyomwambia mtoto. Nilipomaliza, mke wa mkubwa wao, aliyekuwa akileta chakula, alisimama mlangoni na sinia, kisha akarudi nalo.

Yule mkubwa alimtazama mkewe akiondoka, kisha akanigeukia.

"Na huyo mtoto," akasema, "muda wote huu alidhani ni yeye?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa ukimsikia."

"Nilikuwa nikimsikia."

Akachukua simu yake, akatoka uani kumpigia. Kupitia dirishani nilimsikia akimwita binti yangu "mwanangu", akimwambia asikilize. Wengine walibaki wameketi nami.