Sinia la Wino wa Zambarau

Miaka ile ya hamsini, shule yetu ya wasichana kwenye njia ya Pongwe haikuwa na mashine ya kuchapia. Ilikuwa na mimi, mwalimu wa pale, na sinia la bati la kuokea mikate. Mwalimu mmoja wa shule ya wavulana ndiye aliyenifundisha kuchapa kwa sinia hilo. Unachemsha gundi ya seremala kwa maji na sukari, unatia gilisarini ya duka la dawa, unamimina siniani na kuacha igande kama mchuzi wa kongoro uliolala. Kisha unaandika karatasi moja kwa wino mzito wa zambarau, unailaza kifudifudi juu ya gundi ile, unangoja dakika chache, unaibandua. Maandishi yanabaki kwenye gundi, yamegeuka. Kila karatasi nyeupe utakayoilaza hapo na kuipapasa kwa kiganja itaondoka na maneno yale yale, yamenyooka, kwa mwandiko wako mwenyewe. Ya kwanza huwa imekoza. Ya arobaini utaisoma kwa kukisia.

Siku ya kwanza sikuwa na subira. Nilibonyeza kidole pembeni kuona kama gundi imeganda, kikaacha kishimo. Tangu hapo maneno yaliyoangukia mahali pale hayakutoka, na kila hesabu niliyowachapia watoto ilikuwa na tundu jeupe chini, upande wa kulia. Mwalimu yule alicheka. "Hiyo ndiyo sahihi yako, bibie." Nilimpenda kwa maneno hayo, sitasema uongo.

Jumamosi moja aliliazima sinia. Alisema anachapa nyimbo za kwaya. Alilirudisha jioni halijapanguswa, nikalipangusa mwenyewe kwa sponji na kumwaga maji yake ya zambarau uani. Sikujaribu kuyasoma yaliyobaki. Mimi ni mtu wa kuamini, na huo ndio ugonjwa wangu.

Wiki iliyofuata nikapata barua yake. Alisema amenitazama mwaka mzima, na kwamba hasali bila kunitaja. Wino ulikuwa wa zambarau, umefifia. Nikadhani anaubania, nikampenda hata kwa ubahili wake. Nilimjibu. Haukupita mwezi, wazee wa kwao wakapeleka barua ya posa kwa baba yangu, mkata mkonge aliyekwisha kuwakataa wachumba wawili kwa kuwa sikuwataka. Baba aliniuliza mara moja tu. Nikasema ndiyo, na jibu likapangwa litolewe Jumapili.

Alhamisi nilifungua sanduku langu nikakuta sisimizi wamejaa juu ya barua ile. Barua nyingine zilizokuwa humo hawakuzigusa. Nilisimama nikiwatazama. Sisimizi hawana haja na wino wa kalamu. Wanafuata sukari. Kwa joto la Tanga gundi ya sinia hulainika na kuacha utando kwenye karatasi, na kila muhula tulikuwa tukikung'uta sisimizi kwenye mitihani.

Niliipeleka dirishani. Nilipitisha kidole nyuma ya karatasi, hapakuwa na alama ya ncha ya kalamu, ila pale juu tu, penye jina langu, lililoandikwa kwa wino wa buluu. Chini kulia, katikati ya neno "milele", palikuwa na tundu jeupe. Niliweka kidole changu. Kilienea. Nikaleta karatasi za darasani nikalinganisha rangi: barua yangu ilikuwa kama nakala ya ishirini hivi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sinia nililipika mimi, nikaliazimisha mimi, na barua za wenzangu nilizipangusa mimi.

Ijumaa nilimfuata darasani kwake, watoto wamekwisha kuondoka. Nilimwekea barua mezani nikamwuliza tulikuwa wangapi. Aliitazama barua, hakunitazama mimi.

"Usikasirike, bibie. Maneno yote ni yangu. Na wewe ndiye uliyejibu."

Aliyasema kama mtu anayenipa zawadi. Nilitamani kumpiga, na sikumpiga, nami najuta.

Jumamosi nilikwenda kwa baba shambani. Hakujua kusoma. Aliishika barua, akaigeuza. "Mwandiko mzuri huu, mwanangu. Una nini?" Nilimweleza habari za gundi, sukari na kile kidole. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema barua ya posa itarudi kwa wenyewe. Hakuniuliza tena habari hiyo maisha yake yote.

Barua ya mwalimu yule niliitia motoni siku hiyo hiyo. Jibu langu ndilo linaloniuma hadi leo. Niliandika kurasa tatu kwa mkono, na niliyoyasema mle sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Nilimtuma mtu akalidai. Akajibu kwamba amelipoteza. Na mimi, mwenye sinia, sikuwa nimebakiza nakala.