Nilivyokwenda Kakuma Kumfufua Namba Tisa

Mshambuliaji wetu mpya alipompigia kocha simu kwa laini mpya kuuliza mazoezi yanaanza lini, kocha aliitupa simu mchangani akatimua mbio. Simlaumu. Siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumesimama kimya dakika nzima uwanjani Lodwar kumwombolezea mshambuliaji huyohuyo, na habari za kifo nilizileta mimi.

Mimi ni karani wa data wa klabu. Majina ya wachezaji, picha, vipimo vya afya, mikataba, vyote naviingiza kwenye mfumo wa ligi. Bahati, mshambuliaji huyo, ni Mkongo anayeishi kambi ya wakimbizi Kakuma; hakuwa akipatikana kwa simu, nikampigia shangazi yake. Kwa haraka zangu za ofisini nikauliza, "Namba tisa iko wapi?" Klabuni ndivyo tunavyowaita wachezaji, kwa namba za jezi. Akajibu, "Namba? Ile ilikufa, mama. Ilianguka mu maji." Huku kwetu "ile" inatosha kwa mbuzi, gari na binadamu, kwa hiyo sarufi haikunishtua hata kidogo. Nililia, nikapangusa machozi, nikabonyeza "marehemu". Kumbe mwenzangu alikuwa akisimulia simu iliyotumbukia kwenye beseni la kufulia!

Sasa, mfumo ukishaambiwa mtu ni marehemu hufunga faili lake, na haulifungui mpaka mwenyewe aonekane mbele ya kamera ya tableti ya klabu. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Bila usajili hapati kibali cha kutoka kambini, na bila kibali mkataba wake wa kwanza maishani unakwenda na maji. Sikuwa na la kufanya ila kumfuata.

Saa moja asubuhi Ijumaa hiyo, Lodwar. Nilipata lifti kwenye pikapu ya Mama Akai, anayepeleka samaki wakavu wa Longech, kando ya Ziwa Turkana, sokoni Kakuma.

"Ejoka?" akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," nikaitikia, yaani salama.

"Unaenda Kakuma kufanya nini, madam?"

"Kufufua mtu."

Alizima injini kwanza. Nilipomweleza, alicheka hadi akaegemea honi, na mbuzi waliokuwa barabarani wakatawanyika. "Hiyo kazi hata pasta wetu imemshinda," akasema, "na wewe unaenda na tableti?"

Milima ya Pelekech, karibu na Kakuma, ilipojitokeza alikuwa bado anacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa kila baada ya dakika tano niliangalia saa.

Saa nne kasoro, Kakuma. Bahati alikuwa mlangoni kwa shangazi yake, mrefu, meno yote nje. Nilimkumbatia nikinuka samaki, nikamminya mkono kuhakikisha.

"Kumbe ni weye uliniua!" akasema.

"Miye nilikuwa nasema ya simu," shangazi yake, Mama Furaha, akadakia, "weye ukasikia maiti!"

Majirani walijaa uani kumwona aliyeua kwa kidole. Mtandao nao ulikataa katakata. Tuliusubiri tukila ugali na sombe, kisamvu cha Kikongo, mpaka saa kumi ndipo ukarudi, na hapo sikuwa nacheka tena.

Mfumo unaruhusu majaribio matatu: uso utulie, macho yawe wazi, mtu asicheke. La kwanza, Bahati aliangua kicheko. La pili, jirani mmoja aliita, "Marehemu, tazama hapa!" na ua mzima ukaanguka kwa kicheko. La tatu likiharibika, faili lingefungwa hadi wiki ijayo.

Mama Furaha akasimama. "Tuombe."

Wote wakainamisha vichwa, hata watoto. Nikainua tableti, na kwenye kioo nikamwona Bahati katulia kabisa, macho kayafumba kwa heshima.

"Bahati," nikanong'ona, "omba macho wazi!"

Akayafumbua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha neno moja likatokea: "Hai". Nilipiga yowe katikati ya maombi. Mama Furaha akasema amina papo hapo, na kilichofuata kilikuwa nyimbo na vigelegele.

Saa kumi na moja tulikuwa njiani kurudi, samaki wameisha, Mama Akai akiimba. Mimi nilikuwa na furaha iliyochanganyika na aibu. Mfumo haukukosea, uliamini nilichouandikia. Aliyekosea ni mimi, niliyempigia mtu simu nikauliza namba badala ya kuuliza Bahati. Siku hizi naita jina kamili, nauliza mara mbili, na nikisikia "ilikufa" nauliza ni nani au ni nini.

Jumatatu Bahati alifika Lodwar na kibali mkononi. Kabla ya kwenda uwanjani alipita ofisini kwangu, akachungulia mlangoni.

"Madam, siku nikikufa ya kweli, usiandike mpaka nikuambie miye mwenyewe."

Nikamwapia.