Hodi kwa Kuku Mia Nne

Kila asubuhi, kabla hajagusa komeo la mlango wa banda, Redio alikuwa akikunja kidole cha kati, akigonga bati mara tatu na kusema, "Hodi." Haikuwa hodi ya mtu aliyenusa chakula. Ilikuwa hodi ya mtu aliyekuja kuazima chumvi kwa jirani yuleyule kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Kisha alisubiri. Ndani, kuku mia nne wa mayai waliacha kuparua maranda, wakasikiliza, wakaona ni yuleyule, wakaendelea na shughuli zao. Ndipo alipochovya buti kwenye beseni la dawa, la kulia kisha la kushoto, akaingia.

Mtu aliyemjua tangu utotoni angemwona hapo angekimbia kumwita mama yake mdogo aje kumtazama. Redio hakuitwa Redio bure. Darasa la pili akijibu swali, darasa la tano walikuwa wakiandika jibu. Mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea, alisema binti huyu hahitaji simu, afungue dirisha tu. Alipopata nafasi chuo kikuu kusomea kilimo, mtaa mzima ulijua kabla bahasha haijamaliza kuchanwa.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu, na mwaka wa tatu una mafunzo kwa vitendo: wiki nane kazini, na kabla hazijaisha mhadhiri anakuja kukagua na kutoa alama. Anayefeli hapewi mtihani wa kurudia. Anarudia mwaka mzima, akae darasa moja na wale aliokuwa akiwaita wadogo zake. Wenzake walipangiwa ofisi zenye viti vya kuzunguka. Redio alipangiwa shamba la kuku.

Siku ya kwanza alianza kusalimia akiwa bado getini.

"Shikamooni jamani! Mwanafunzi nimefika!"

Bandani kukalipuka kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka na unyoya mmoja juu ya kilemba. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa banda, na shamba zima lilimwita Mama Kimya.

"Wewe ndiye mwanafunzi?" aliuliza kwa sauti ndogo mpaka Redio akainama.

"Ndiyo, mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Unaniamkia kama niko juu ya mti. Mimi niko hapa."

Akamsogeza pembeni kwa kumshika kiwiko. "Humu kuna mambo matatu. Piga hodi. Vaa bluu. Toka vizuri."

"Kutoka vizuri ndio vipi?"

"Ukitoka vizuri, kuku hawajui kama umetoka."

Redio akacheka, na kuku wakamjibu wote. Akaeleza kwamba mambo ya kuku anayajua, somo la lishe ya ndege alipata A.

"Hongera," alisema Mama Kimya. "Kawaambie wenyewe, wamo ndani."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Redio ilifungwa mdomoni. Wiki ya kwanza alikuwa akibanwa na maneno mpaka anatoka kwenda kuyamwagia nyuma ya stoo ya chakula. Wiki ya pili yakapungua. Kufika ya nne, Mama Kimya na yeye waliweza kufanya kazi asubuhi nzima kwa kuelekezana na kidevu: kidevu kushoto, maji yamekwisha, kidevu chini, maranda yamelowa, yageuze. Alijifunza kumtoa kuku yai kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu viganja vina vidole na vidole vina haraka.

Nyumbani ndiko kulikoharibika. Jirani alipita jioni moja kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Umeachwa?" aliuliza mama mdogo, pini mbili zimebanwa midomoni.

"Sijaachwa, mama mdogo."

"Basi una minyoo."

"Sina minyoo."

"Sema kwa nguvu nisikie!"

"Sina minyoo," alisema Redio, kwa sauti ileile ya kuazima chumvi.

Mama mdogo akatoa pini mdomoni. Kesho yake akamkuta amesimama mbele ya bafu tupu, amegonga mlango mara tatu, anasubiri. "Ingia, mwanangu," akamwambia kwa huruma. "Ndoo hazishtuki."

Lakini mapenzi ya fundi cherehani hayaishii kwenye huruma, yanakwenda mpaka kwenye kitambaa. Mhadhiri alikuwa anakuja wiki ya sita. Mama mdogo akapima, akakata, akakaa na cherehani siku nne, wateja wakasubiri. Siku ya ukaguzi Redio aliamka akaikuta ovaroli mpya imetandazwa juu ya kiti: rangi ya chungwa lililoiva, mifuko sita, na kifuani, kwa uzi wa kijani, neno MTAALAMU.

"Asije akakukuta na ile bluu ya kuoshea magari," alisema mama mdogo, akaketi kumtazama akiivaa.

Redio alikumbuka "vaa bluu." Alikumbuka vizuri kabisa. Lakini alidhani bluu ni sare tu, kama ya shule, kwamba tajiri wa shamba alinunua jora zima kwa bei nafuu. Kwenye daftari zake zote za chuo hakukuwa na kuku anayechagua nguo. Na nani angeivua mbele ya macho yale?

Alifika shambani wakati Mama Kimya yuko stoo anapima chakula. Mhadhiri alikuwa tayari mlangoni pa banda, mwanamume mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni na fomu kwenye ubao.

"Nionyeshe kazi yako, binti."

Redio akagonga mara tatu. "Hodi." Kuku wakasikia sauti ya yuleyule. Akakanyaga dawa, akafungua, akaingia yeye na ile ovaroli yake.

Kuku wa banda lile, tangu wakiwa vifaranga wa siku moja, hawakuwahi kuona mtu wa rangi nyingine ila bluu. Walichokiona ni moto ulioingia kwa hodi. Mia nne wakaruka kwa pamoja, wakakimbilia kona ya mbali, wakapandana. Kuku wakipandana, wa juu wanapiga kelele, ila wa chini ndio wanaokufa, na wale hawana hata nafasi ya kulia.

Hapo Redio akasahau wiki sita zote. "Jamaniii!" akapaza. "Tulieni!"

Kona ikapanda mpaka dirishani.

Mama Kimya akaingia. Hakukimbia, alitembea upesi tu. "Vua," akasema.

"Mama?"

"Vua hilo jua lako!"

Ndani Redio alikuwa na fulana kuukuu na kaptula ya binamu yake. Mhadhiri, bado yuko mlangoni, akageukia beseni la dawa, akalikagua kama mtu anayetaka kulinunua. Wanawake wawili wakapiga magoti, wakaanza kuchambua rundo kutoka pembeni, kuku mmoja mmoja, wakiwaweka nyuma yao. Walipofika sakafuni walikuta saba hawapumui.

Mama Kimya aliwabeba nje, akawalaza mstari mmoja, akawakunja mabawa. Redio angependa atukanwe. Tusi lina mwisho.

"Binti," alisema mhadhiri, "hapa kwenye 'uwezo wa kazi' niandike nini?"

Redio akavuta ncha ya fulana ishuke.

"Usiandike," alisema Mama Kimya.

"Nina fomu kumi na tisa, mama."

"Basi kazungushe hizo kumi na nane. Siku yake ya mwisho urudi. Ataingia peke yake, aokote mayai, atoke. Wewe chungulia kwenye wavu wa dirisha."

"Na kuku wakiruka tena?"

"Arudie mwaka," alisema Mama Kimya, kama mtu anayekubali chai.

Mhadhiri akatazama mstari wa wale saba, akafunga kalamu. "Kuku mmoja akipiga yowe, binti, tuonane mwakani."

Jioni ile Redio akarudi na ovaroli imekunjwa kwapani, akasimulia yote. Mama mdogo akashika tama.

"Kwa hiyo kuku hawamjui mtaalamu?"

"Wanamjua. Ni Mama Kimya."

Mama mdogo akaichukua ovaroli, akaipima mwilini mwake. "Basi nitaivaa mimi dukani. Wateja wangu hata niwake moto hawapandani."

Shida ni kwamba kuku wana kumbukumbu, na walichokumbuka ni hodi. Asubuhi iliyofuata Redio, ndani ya bluu, akagonga mara tatu, na kabla hajasema kitu akasikia mabawa yakielekea konani. Hodi yake ilikuwa imeharibika. Trei kumi na moja za mayai zikawa nane, mengine yana maganda laini kama ngozi.

"Nifanye nini, mama?"

Mama Kimya akaelekeza kidevu kwenye ndoo tupu. Redio akaipindua, akaikalia nje ya mlango. Siku tatu aligonga, akasema hodi, asiingie. Anagonga, anakaa. Mwendesha toroli akampita akasema, "Mwanachuo, hawajakufungulia tu?" Siku ya nne akaingiza ndoo hatua moja ndani. Siku ya sita, mbili. Ya tisa, kuku mmoja mwenye hasira, waliyemwita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumtoa yai bila kudonolewa, akaja akasimama juu ya buti lake, akachafua, akaondoka. Redio hakufurahia hata ile A ya lishe kiasi hicho.

Siku ya mwisho mhadhiri alikuja, akasimama kwenye wavu kwa ncha za viatu. Mama Kimya alikuwa ameketi nje, mgongo kwa mlango, anasugua trei.

Redio akagonga mara tatu. "Hodi."

Maranda yakanyamaza. Yakaendelea.

Akaingia. Alipita masanduku ya kutagia moja baada ya jingine, mgongo wa kiganja mbele, yai kwenye trei, ncha chini. Nusu saa nzima mhadhiri hakukohoa. Sanduku la mwisho lilikuwa la Bi Mkubwa. Redio akaingiza mkono, na Bi Mkubwa, asiyejali mambo ya chuo kikuu, akamdona kwenye fundo la kidole mpaka damu ikatoka. Yowe likapanda kutoka tumboni, likapita kifuani, likafika kwenye meno. Redio akaliuma. Machozi yalitoka, ila machozi hayana sauti. Akachukua yai.

Kisha akarudi nyuma kinyumenyume, akafungua mlango kwa kisigino, akaurudisha taratibu. Ndani kuku mmoja akainua kichwa, akatazama ukuta, akaona si jambo.

"Alama themanini na mbili," alisema mhadhiri. Alinong'ona. Hata dereva wake alimnong'oneza, akalazimika kumwambia mara mbili.

Redio alikuwa ameandaa maneno ya shukrani, marefu, yenye methali mbili. Alitundika ovaroli ya bluu kwenye msumari wake, akaja kusimama mbele ya Mama Kimya, akavuta pumzi.

Mama Kimya, macho kwenye trei, akaelekeza kidevu getini.

Redio akaelewa: toka vizuri. Akaachia ile pumzi kidogokidogo, akachukua mkoba, akatembea. Alipita stoo, akapita toroli, akafungua geti na kulirudisha kwa viganja viwili. Mama Kimya hakuinua kichwa.

Barabarani akajaza kifua na kufungua mdomo. Akageuka. Paa la banda lilikuwa bado karibu. Akaufunga mdomo, akaenda zake mpaka kona ya pili, ndipo akaufungua.