Shimo la Kondoo wa Odilón

Odilón Sarabia alikuwa na miaka sitini na moja, goti moja bovu, na mdomo usiojua kupumzika. Pale Teotihuacan, mji wa kale huko Meksiko, katika pango lililo chini ya piramidi, hakuna mchimbaji wa mabaki ya kale aliyejua kuutumia mwiko wa kuchimbia kama yeye. Vijana walichimba, yeye aliubembeleza udongo, huku akiwasimanga kwamba wanalima viazi. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, na aliitaka mpaka siku atakayoshindwa kupiga magoti.

Basi Jumanne moja alinyamaza asubuhi nzima, na kila mtu akajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa shimo. Katika chumba cha mwisho walikuta shimo la duara, limejaa majivu na mawe yaliyoungua, zuri hata mkuu wao, Daktari Ximena Arriaga, akakaribia kulia kwa furaha. Akasema ni shimo la sadaka la watu wa kale. Akaamuru lisiguswe tena, kwani kesho wageni wangeletwa walione.

Loo! Odilón alilichimba mwenyewe, miaka thelathini na minane nyuma, siku ya harusi yake, mvua inamwagika na kondoo hajapikwa. Yeye na kaka yake Tiburcio waliingia pangoni kwa siri, wakamfukia kondoo kwa majani ya mkonge juu ya mawe ya moto, na waalikwa wakala mpaka wakajilamba vidole. Kuwasha moto mle kulikuwa marufuku tangu zamani hizo. Akisema, kazi hana. Akinyamaza, uongo unaingia vitabuni.

Mchana chakula kilimshinda. Mkewe Crescencia, aliyewapikia wachimbaji, alimwona anachezea chapati ya mahindi, akamuuliza amempenda nani tena. Akamweleza. Mama wa watu alicheka mpaka akashika meza, kisha akakasirika kwelikweli, maana miaka yote aliambiwa nyama ile ilipikwa kwa jirani. Akamwambia aende akaseme sasa hivi, la sivyo ataenda yeye.

Odilón akaenda, kofia mkononi.

"Daktari, ile sadaka ni kondoo wangu wa harusi."

Uso ukamshuka Daktari, maskini. "Una hakika, mzee Odilón?"

"Nilimla mwenyewe. Kama ni kunifukuza, nifukuze. Ila usiwaambie watu ni wa kale."

Daktari akauliza walichimba mpaka kina gani. Odilón akakiri kwamba Tiburcio ni mvivu wa kuzaliwa. Walipofika kwenye udongo mgumu waliacha. Daktari akamkabidhi mwiko.

"Basi ondoa uchafu wako, unionyeshe unapoishia."

Akashuka, akakwangua majivu, mifupa, hata kizibo cha bia. Kisha mlio wa mwiko ukabadilika. Akalaza kiganja juu ya udongo mwekundu, ulioshikana, ambao hakuna aliyeugusa tangu watu wa kale waushindilie.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Kuanzia hapa ni wao."

Daktari akapiga magoti kando yake, akasogeza taa.

"Haya, endelea."