Ulimi wa Fundi

Fundi huyu hakuhitaji kipimo. Gari likidondosha maji, alichovya kidole, akalamba, akatema pembeni, akajifuta mdomo kwa kiwiko. Yakiwa matamu, hiyo ni dawa ya kupozea injini, rejeta inavuja. Yasipokuwa na ladha, ni maji ya AC tu, nenda zako. Ulimi ule, jamani, ungekuambia hata dereva kagombana na nani asubuhi! Ila siku hizi chai yake aliijaza sukari mpaka kijiko kinasimama wima, na bado akamnunia mkewe kwamba kamnyima. Hilo hakumwambia mtu mwingine.

Basi akaja dada mmoja, mteja wake wa siku nyingi, na gari lake kuukuu. Mama yake mgonjwa kajilaza kiti cha nyuma, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Chini ya injini yanadondoka matone yaliyopauka. Fundi akachovya, akalamba.

"Usiyamalize, mwanangu, tubakishie ya kupandia mlima," mama akatania kwa sauti ya kukwaruza.

Fundi akalamba tena, kisha akatabasamu. "Maji ya AC hayo, mama. Nendeni salama."

Gari lilipopotea kwenye kona, mbwa wa gereji akaliruka bakuli lake la maji safi, akaenda kulamba kidimbwi kilichobaki, mkia unacheza, kwa pupa ya mtoto aliyekuta asali. Fundi akamfukuza kwa teke, akampigia simu yule dada. Ikaita, ikaita. Akapiga magoti, akachovya kidole palepale, akalamba. Akalamba tena.